Lenzi ndefu: kabla hujalipa mamilioni

“Kaka, ninunue 400 au 600?” Ujumbe wa aina hii unaniingia kwenye simu mara kwa mara. Namba hizo ni milimita za urefu wa lenzi: ikiwa kubwa, inavuta mbali zaidi. Mtumaji huwa ameshaona bei mtandaoni, ameshamdokeza mjomba kuhusu mkopo, na anachosubiri ni mimi nimpe baraka. Huwa simjibu kwa namba. Namuuliza anapiga nini, saa ngapi, na akiwa amekaa wapi. Wengi wananyamazia hapo.

Mimi naishi kwa picha za aina mbili, mpira na wanyama. Kwa kuwa zote zinapigwa na milenzi mikubwa, watu hudhani ni kazi moja. Sivyo, na anayenunua lenzi moja kwa kudhani itamaliza zote mbili kwa ubora uleule ajiandae kubeba mzigo.

Tuanze na hela ili tuelewane. Nikon Z 400mm f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi), ile yenye telekonveta, kioo cha kuongeza urefu, ndani yake, ilitoka mwaka 2022 kwa dola 14,000 hivi. Canon na Sony nao wako humo humo, wakipungua kidogo. Kwa shilingi ya Tanzania hiyo ni zaidi ya milioni 30, na hujanunua kamera. Upande wa pili kuna zumu, lenzi inayobadilika urefu, ya Sony ya 200-600mm iliyotoka 2019 kwa takriban dola 2,000, na ya Nikon ya 180-600mm iliyotoka 2023 kwa dola 1,700. Angalia vizuri: hizi za bei ndogo ndizo zinazofika 600. Kwa hiyo zile milioni nyingine hazinunui urefu. Zinanunua mwanga. Kama kazi yako haina njaa ya mwanga, unalipia kitu utakachokionea fahari tu.

Sasa nani ana njaa ya mwanga? Mpiga picha wa mpira wa usiku, bila ubishi. Chukua mechi ya Ligi Kuu inayoanza saa moja usiku. Ili mguu unaopiga mpira utulie kwenye picha unahitaji kasi ya shata, ule mlango wa kamera unaofunguka na kufunga, ya 1/1000 ya sekunde kwenda juu. Kwa f/2.8, chini ya taa za viwanja vyetu, mimi huwa naangukia ISO, yaani kipimo cha kamera kuhisi mwanga, ya 3200, pengine 4000. Hali ileile ukiipiga kwa f/6.3 ya zile zumu, ISO inaruka hadi 16000 au 20000. Kamera za siku hizi zinavumilia, lakini tazama inavyoumia picha yenyewe. Taa ziko juu, macho ya mchezaji yako kivulini, ngozi yake ni nyeusi kama yangu, na chenga, zile punje punje za ISO kubwa, hupenda kujificha humo humo: chini ya nyusi, chini ya kidevu, kwenye shingo. Jezi itaonekana safi kabisa na uso utakuwa tope. Mhariri atachagua picha ya mwenzako.

Halafu kuna mabango. Kwenye f/2.8 mabango ya pembeni na walinzi wenye vizibao vya njano wanayeyuka kuwa rangi tu. Kwenye f/6.3 unaweza kusoma jina la benki nyuma ya sikio la mshambuliaji. Hili programu ya kuondoa chenga haiwezi kulitibu, na ndilo linalotenganisha picha ya gazeti na picha ya shabiki aliyekaa jukwaani.

Kuhusu urefu, acha kukisia, piga hesabu. Kwa kamera ya sensa kamili, yaani ile ambayo kibao chake cha kupokea picha kina upana wa milimita 36, gawanya 36 kwa urefu wa lenzi kisha zidisha kwa umbali. Mchezaji akiwa mita 50, lenzi ya 400 inakupa fremu yenye upana wa mita 4.5 na kimo cha mita 3. Wachezaji wawili wanaogombea mpira wanaenea bila kukatwa miguu. Ya 600 hapo hapo inakupa mita 3 kwa 2, yaani mchezaji mmoja, na akiruka kupiga kichwa umempoteza. Ndiyo maana nyuma ya goli duniani kote unaona 400 f/2.8 zimejipanga. Urefu wa uwanja ni mita 105, kwa hiyo goli la upande wa pili hata hiyo 400 inaliona kwa mbali. Mimi silihangaikii. Napiga nusu yangu, na kwenye bega naning'iniza kamera ya pili yenye 70-200 f/2.8, kwa sababu krosi ikishaingia kwenye boksi la karibu, 400 inakuonyesha kitambaa cha jezi tu.

Uwanja nao una maneno yake. Kwa Mkapa, pale Dar, 400 inafanya kazi yake yote. Chamazi ni padogo, hapana njia ya wakimbiaji, na mtu mwenye 300 f/2.8 ya zamani anarudi nyumbani na picha sawasawa na mwenye 400 mpya. Kama mechi zako ni za saa kumi jioni, jua bado lipo, ile zumu ya dola 2,000 inatosha sana, na usikubali mtu akudharau kwa kuwa nayo.

Mbugani mambo yanageuka. Kule mwanga upo, kinachokubana ni barabara. Serengeti hairuhusiwi kuacha njia kumfuata mnyama, na kushuka kwenye gari ndiyo kabisa usithubutu. Hivyo huwezi kusogea hatua tatu mbele au nyuma kama mpiga picha wa harusi. Umbali anaupanga mnyama. Kwenye vivuko vya Mto Mara upande wa Kogatende, kati ya Julai na Oktoba, dereva akishapata nafasi ukingoni ndiyo hiyo hiyo. Nyumbu wa kwanza wanaweza kutumbukia mbali kule kwenye kona ya mto, na wa mwisho wakapandia karibu na bampa lako. Mwenye 600 ya urefu mmoja atapata vichwa vizuri vya wale wa mbali, kisha atakaa akiwatazama hawa wa karibu. Ngorongoro simba wana tabia ya kuja kujilaza kwenye kivuli cha gari. Lenzi za 600 f/4 haziwezi hata kufokasi kitu kilicho chini ya mita nne na kidogo. Simba yuko chini ya mlango, na lenzi ya mamilioni inazungusha fokasi kwenda na kurudi kama mtu aliyepotea njia.

Ndiyo maana kwa mtu anayepiga wanyama mchana, akiwa ndani ya gari, mimi nasema zumu kwanza: 200-600, 180-600, au 100-500 kwa watu wa Canon. Canon wana na 200-800 ya mwaka 2023, ila mwishoni inafika f/9. Nyikani saa mbili asubuhi haina shida. Ingia nayo kwenye msitu wa Hifadhi ya Arusha kutafuta mbega, mnyama mweusi kwenye kivuli cheusi, uone ISO inavyopanda. Msituni ni kama uwanjani usiku, unarudi kule kule kwenye f/2.8 au f/4. Sokwe wa Mahale, kwa mfano, unawakaribia vya kutosha kiasi kwamba 70-200 f/2.8 inakutosha, na lenzi ndefu itakuwa ya kupigia puani.

Ndege ni kesi ya peke yake, na hapo nakubali kuwa urefu hauna mbadala. Mdiria wa sentimita 25 akiwa mita 15, kwenye 600 anachukua zaidi kidogo ya robo ya upana wa fremu. Kwenye 400 hafiki hata moja ya tano, na hapo unakata picha mpaka inaisha. Kwa watu wa ndege nawapenda sana wale waliotengeneza Nikon Z 600mm f/6.3 mwaka 2023. Ina gramu 1,470 tu, chini ya nusu ya 600 f/4 yao yenye kilo 3.26. Unaishika mkononi ukizunguka maziwa ya Momella na askari wako wa hifadhi, na jioni bega bado lako. Kamera za sensa ndogo nazo zisidharauliwe: lenzi ya 400 juu yake inaona kama 600 kwa Nikon na Sony, na kama 640 kwa Canon, kwa bei ambayo haihitaji kikao cha familia.

Konveta? Ya 1.4 inakula stopu moja, yaani nusu ya mwanga, ya 2 inakula mbili. Juu ya 400 f/2.8 ni baraka, unapata 560 f/4 nzuri tu. Juu ya zumu ya f/6.3 unafika f/9, fokasi inaanza kusita jioni, na ukali unashuka. Mimi siiweki huko.

Nalitaja joto kwa sababu limewagombanisha watu wengi na maduka bure. Kuanzia saa nne asubuhi ardhi ya nyika inachemka, na hewa iliyo kati yako na duma aliye mita 150 inacheza kama mazigazi ya barabarani. Picha itatoka laini, kama imepakwa mafuta. Hakuna lenzi ya kutibu hilo, ya dola 14,000 wala ya 1,700, na kuongeza urefu kunazidisha ugonjwa. Mtu anarudi mjini akilalamika kwamba lenzi yake mbovu. Ipige saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa mnyama aliye karibu, kisha useme. Na umwombe dereva azime injini: mtikisiko na joto la boneti ni maadui wawili kwa mpigo.

Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani, kwenye Land Cruiser haina pa kukanyaga. Beba mfuko mtupu wa kitambaa kigumu, ukifika Karatu au Mto wa Mbu ununue maharage au mchele kilo tatu nne, ujaze, uuweke kwenye ukingo wa paa lililofunguliwa. Lenzi inatulia humo kuliko kwenye vyuma vya bei mbaya, na siku ya mwisho mpishi wa kambi anapata maharage yake. Ukitumia ndege ndogo za kutoka Arusha kwenda Seronera, kumbuka mzigo kwa kawaida ni kilo 15 kwa mtu, begi laini, kamera zikiwemo. 400 f/2.8 ya Canon toleo la pili, la mwaka 2011, peke yake ni gramu 3,850. Toleo la tatu la 2018 walipunguza kilo nzima, ikawa 2,840. Kilo hiyo moja utaihisi zaidi ya tofauti yoyote ya ukali wa picha kati yao.

Hata hivyo, kama mfuko hauruhusu mpya na kazi yako kweli ni mpira wa usiku, hilo toleo la pili lililotumika ndilo ningekuelekeza kwalo. Kwa adapta linafanya kazi vizuri kwenye kamera mpya za Canon R. Kwa Nikon kuwa mwangalifu: adapta ya FTZ, ile ya kuvalisha lenzi za zamani kwenye kamera zao za Z, haiendeshi fokasi ya lenzi za zamani zisizo na mota ndani.

Ukienda kuikagua nenda na tochi. Toa vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma, uangalie kwa mbele ukiwa umeinamisha lenzi kidogo. Vumbi chembe chembe lisikutishe, kila lenzi iliyofika mbugani inalo. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui. Hiyo ni fangasi, na lenzi zilizokaa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja kwenye kabati lisilo na hewa zinazo nyingi kuliko wauzaji wanavyokiri. Iache, hata ikipunguzwa nusu bei. Kisha tazama skrubu: zikiwa na mikwaruzo kichwani, kuna fundi alishaingia humo. Washa kitulizi cha mtikisiko na usikilize. Mvumo mwepesi ni kawaida, mgongano wa kitu kilicholegea si kawaida. Mwisho bandika ukurasa wa gazeti ukutani, piga kwa f/2.8, ukuze pembe nne. Upande mmoja ukiwa hausomeki na mwingine unasomeka, lenzi imewahi kuanguka. Muuzaji akikukataza kufanya haya, mwage.

Kwa mwenye mechi nne tano kubwa kwa mwaka, hesabu ya kununua mara nyingi haikubali. Kodisha. Dar na Nairobi wapo wanaokodisha kwa siku, wanataka kitambulisho na dhamana. Ichukue siku moja kabla, uizoee nyumbani, upige bodaboda barabarani mpaka mkono ujue uzito wake. Na kama unailenga AFCON ya 2027 iliyopewa Tanzania, Kenya na Uganda, weka nafasi mapema sana, halafu uulize kama bei ni pamoja na monopodi, stendi ya mguu mmoja. Mara nyingi siyo.