Kangaja mgonjwa atengwe kwanza: majibu kwa wafugaji wa samaki wa baharini

Nimenunua kangaja wa buluu mwenye pezi la manjano mgongoni. Ana madoa meupe machache, lakini anakula vizuri. Muuzaji anasema nikimtia kwenye tangi kubwa atapona mwenyewe. Nimtie? – Msomaji, Mombasa

Usimtie, tafadhali. Madoa madogo kama chembe za chumvi ni dalili ya kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, na kangaja huyu, mwenyeji wa Bahari yetu ya Hindi, hushikwa nacho upesi kuliko samaki wengi.

Muuzaji hajakudanganya kuhusu madoa: baada ya siku chache yataondoka kweli. Ugonjwa ndio utakaobaki. Kimelea hukaa mwilini siku 3 hadi 7, kisha hudondoka, hujishikiza kwenye mchanga au jiwe na kujifungia ndani ya ganda. Humo hujigawa mara nyingi, na ganda likipasuka hutoka vimelea vichanga vinavyoogelea kutafuta samaki. Baharini vingi hupotea njiani. Kwenye tangi la lita 300, samaki hana pa kukimbilia. Ndipo madoa hurudi, tena kwa samaki wote.

Mtenge, umtibu kwa dawa ya shaba. Kama ni shaba ya kawaida ya maji, kiwango ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Dawa nyingine hutumia shaba iliyofungwa kikemikali na viwango vyake ni vya juu zaidi, kwa hiyo fuata maelezo ya chupa. Pandisha kidogo kidogo kwa siku mbili tatu huku ukitazama kama bado anakula, kisha ushikilie kiwango hicho siku 30. Nunua kipimo cha shaba kabla ya dawa yenyewe. Kiwango kikishuka, kimelea husalimika. Kikizidi, samaki hudhurika.

Tangi la karantini ni lazima liwe la gharama? – Msomaji, Dar es Salaam

Hapana. Tangi tupu la kioo linatosha, pamoja na chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, na kifuniko, maana samaki akishtuka huruka nje. Pwani maji huwa na joto la kutosha. Ukiwa Nairobi utahitaji hita. Usiweke mchanga wala mawe, kwani hunyonya shaba.

Kinachoua wengi karantini ni amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki wenyewe. Sponji iweke wiki kadhaa mapema kwenye tangi lenye samaki wazima, ipate bakteria wa kuondoa amonia hiyo, na maji uyapime kila siku. Amonia ikipanda, badilisha maji. Zile dawa za kuondoa amonia usizichanganye na shaba. Baadhi yake huifanya shaba kuwa sumu kali zaidi.

Si rahisi zaidi kumimina dawa kwenye tangi kubwa? – Msomaji, Kilifi

Hapana. Shaba itaua kamba, konokono na matumbawe yako.

Nilishamtia, na sasa wenzake wawili wana madoa. Nimechelewa? – Msomaji, Nairobi

Bado. Watoe samaki wote, hata wanaoonekana wazima, uwatibu pembeni. Tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja kwa siku 76, kwa kuwa maganda ya kimelea hiki yameonekana yakipasuka hata siku ya 72. Kamba na matumbawe wabaki humo. Kimelea hiki hakiwashambulii wao. Kila tangi liwe na wavu na ndoo yake. Najua miezi miwili na nusu ni mingi kutazama tangi lisilo na samaki, lakini ukikatisha muda huo unaweza kuanza upya kabisa.

Samaki wangu hana madoa, ila anahema haraka na ngozi ina utandu wa rangi ya dhahabu. – Msomaji, Muscat

Pima amonia sasa hivi. Ikiwa sifuri, shuku kimelea kingine, Amyloodinium ocellatum, ambacho huanzia kwenye matamvua ya kupumulia na huweza kuua ndani ya siku chache. Usingoje dalili nyingine. Muogeshe dakika 5 kwenye maji yasiyo na chumvi wala klorini, yenye joto na pH (kipimo cha uchachu) sawa na ya tangi lake, apate nafuu ya kupumua. Hiyo si tiba. Mhamishie karantini na uanze shaba leo hii.