Nairobi hadi New York: usiulize kilomita, soma saa

Kutoka uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, hadi ule wa JFK, New York, ni kama kilomita 11,800. Ukinyoosha uzi juu ya tufe la dunia utaona unapita Chad, Niger, Algeria na Morocco, kisha Atlantiki. Hesabu hiyo naijua kwa kichwa, lakini haikumsaidia mama yangu siku alipoachwa na ndege.

Tiketi yake iliandikwa 00:30, Alhamisi. Mimi ndiye niliyemsomea. "Mama, unasafiri Alhamisi usiku, saa sita na nusu." Alhamisi jioni tukafika uwanjani, sanduku limefungwa kamba, ndani mna unga wa wimbi wa wajukuu. Binti wa kaunta akaisoma karatasi mara mbili, kisha akasema kwa upole, "Mama, ndege yako iliondoka jana usiku." Mama hakunilaumu. Alikaa juu ya sanduku, akaanza kuifungua ile kamba polepole.

Saa 00:30 ya Alhamisi ni Jumatano usiku kuamkia Alhamisi. Siku hizi naandika maneno hayo kwa kalamu juu ya tiketi ya kila mtu wa nyumbani, na saa naigeuza ya Kiswahili kabisa: 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, basi.

Jambo la pili ni muda wa kukaa angani. Saa zote za tiketi ni za mahali ndege ilipo. Ukiona unaondoka 23:00 na kufika 06:00, usidhani ni safari ya saa saba. New York iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi kwao, saa 7 wakati wa joto. Wakati wa baridi, jumlisha zile saa 7 za kwenye tiketi na tofauti ya saa 8, unapata 15, na huo ndio muda wa ndege ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways ilianza Oktoba 2018. Kurudi ni kama saa 14, kwa kuwa upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Ukipitia Dubai, ni kama saa 5, kisha nyingine 14, bila kuhesabu kusubiri. Nauli huweza kuwa nafuu, lakini kwa mzee mwenye magoti mabovu, mimi ningelipa zaidi apande ndege moja.

Na kama safari haiishii New York, kama ya mama aliyekuwa anakwenda Minneapolis kwa dada yangu, usikubali ndege ya kuunganisha yenye pengo la saa moja na nusu. Marekani, unapotua mara ya kwanza, kwa kawaida unapita uhamiaji, unachukua mabegi yako mwenyewe, unapita forodha, halafu unayakabidhi upya, hata kama yameandikwa mji wa mwisho. Foleni hiyo nimeipanga mwenyewe. Tafuta pengo la saa tatu au zaidi, na mzee umwombee kiti cha magurudumu siku ile ile unayokata tiketi.