Dokta, mbona inhela haishiki kama zamani?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina pumu tangu niko darasa la tatu, sasa nina miaka 31, nipo Morogoro. Zamani nilikuwa napuliza ile inhela ya bluu mara mbili tu kifua kinafunguka. Siku hizi napuliza mara nne, tano, usiku naamka saa tisa napuliza tena, mikono inatetemeka, moyo unadunda, ila kifua bado kinalia filimbi. Jirani anasema mwili umeshaizoea dawa. Ni kweli? Unazoeaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la kuamka saa tisa usiku sijalipenda kabisa, nitalirudia hapo chini, ila ngoja kwanza nikujibu ulichouliza maana ni swali zuri sana.

Jirani yako hajakosea. Salbutamoli iliyomo kwenye inhela inaigiza adrenalini, ile homoni inayomwagika ukikurupushwa na mbwa. Seli za misuli inayozunguka mirija yako ya hewa zina vipokezi vya adrenalini, vimetokeza nje ya utando wa seli na mkia umebaki ndani. Dawa ikikigusa kipokezi kinajigeuza umbo, kinaamsha protini ya ndani inayoitwa protini G, hiyo nayo inasukuma habari mbele, msuli unalegea, unavuta pumzi. Moyo na mikono navyo vina vipokezi vya jamii hiyohiyo, ndo maana unatetemeka.

Wengi wanajua mpaka hapo tu. Sasa kipokezi hakikai peke yake, kina protini kibao zinakilinda, zinakihamisha, zinakinyamazisha. Kikishaguswa, ndani ya dakika chache tu vinakuja vimeng'enya wanavyoviita GRK, vinabandika fosfeti kwenye ule mkia wa ndani, yaani kama unavyotia chaki gunia lililokwisha kupimwa. Arestini, ambayo ni protini nyingine, ikiiona ile alama inakuja inang'ang'ania palepale protini G ilipokuwa inashika, basi habari inakatika, dawa iko nje inabisha hodi na ndani hakuna anayeitika. Na arestini haiishii hapo, inakivuta kipokezi mpaka kwenye klatrini, protini inayojisuka kama tenga chini ya utando, utando unabonyea kwenda ndani, shingo inakatwa, kipokezi kinazama ndani ya seli kikiwa kwenye kifuko kidogo.

Huko ndani ndo hatima ya kipokezi inaamuliwa. Fosfeti ikifutwa, na protini inayoitwa SNX27 ikashirikiana na kundi la wenzake linaloitwa retroma wakaudaka mkia, kipokezi kinarudishwa juu kazini. Lakini kama dawa inagusa na kugusa mchana na usiku bila kupumzika, vipokezi vingi zaidi vinapelekwa laisosomu, yaani kifuko cha kusagia taka za seli, vinasagwa, na seli inabaki na vichache. Huko ndo kuzoea kwenyewe. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipewa Nobel ya kemia 2012 kwa kuvichunguza vipokezi vya jamii hii, na mwaka uliofuata timu ya Mark von Zastrow kule San Francisco ikaonyesha kwamba hata kikiwa ndani ya kifuko kipokezi hiki bado kinaweza kutuma habari. Mimi nilisoma hiyo mara mbili, maana tulifundishwa kwamba kikishazama kimenyamaza.

Sasa turudi kwenye saa tisa usiku. Kuzoea ni sehemu tu ya shida, kubwa zaidi ni uvimbe ndani ya mirija ambao inhela ya bluu haiugusi kabisa. Kopo moja la inhela ya bluu lina mipulizo 200. Ukimaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka tayari uko kwenye hatari ya kuzidiwa, na ukifika 12 hatari ya kufa inapanda. Ndo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaoitwa GINA, hautaki mtu mzima mwenye pumu atumie ya bluu peke yake. Unahitaji ya steroidi ya kupuliza, inatuliza uvimbe na pia inaifanya seli itengeneze vipokezi vipya, kwa hiyo hata ya bluu inaanza kushika tena. Nenda kliniki wiki hii, nakuomba, na hiyo ya bluu usiitupe. Siku ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi usingoje kliniki, puliza huku unakimbizwa hospitali.

SWALI: Dokta, mtoto wa dada yangu ngozi imezidi kuwa nyeusi, sukari inashuka mpaka anazimia, watu wakasema karogwa. Hospitali wamesema homoni ya ACTH iko juu sana lakini kotisoli hamna. Homoni ipo nyingi, mbona haifanyi kazi?

JIBU: Pole sana mama mdogo, na hajarogwa. ACTH inatoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, inaenda kuziambia tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, homoni inayosaidia sukari ya damu isishuke. Kwa baadhi ya watoto shida iko kwenye kipokezi chenyewe, kwa wengine kipokezi ni kizima ila hakina wa kukitoa nje. Anayekitoa ni protini ndogo inaitwa MRAP, watafiti wa London waliitangaza 2005 baada ya kuchunguza familia zenye ugonjwa huu. Bila MRAP kipokezi kinakwama ndani ya seli kinakotengenezewa, hakifiki juu, basi ACTH inapita tu. Ubongo ukiona kotisoli hamna unaisukuma ile tezi izidi kumwaga ACTH, ile ya ziada inagusa kipokezi cha rangi kwenye ngozi, mtoto anakuwa mweusi.

Dawa ipo, ni haidrokotisoni ya kumeza kila siku, maisha yake yote. Akipata homa dozi inaongezwa kama daktari wake alivyoelekeza, na akitapika asiweze kuimeza anatakiwa sindano, hapo msisubiri kukuche.