Uhadhiri wa ununuzi na ugavi: linda GPA kwanza

Mdogo wangu, umeuliza kama digrii ya ununuzi na ugavi inaweza kukufikisha kwenye uhadhiri hapa Tanzania. Inaweza, ila linda GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo: matangazo ya ajira ya vyuo vikuu huwa yanataka 3.8 kwa mkufunzi msaidizi, na uzamili wa 4.0 kwa mhadhiri msaidizi. Mitihani ya PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, ni ya kukusajili kwenye taaluma, siyo tiketi ya kufundisha, ingawa ukiwa nayo wanafunzi watakusikiliza zaidi.

Halafu usiikimbie hisabati. Safari ya shaba ya Kongo hadi bandari ya Dar, au dawa za MSD (Bohari ya Dawa) kufika zahanati ya kijijini, huwezi kuichambua kwenye utafiti kwa dodoso peke yake. Na madodoso, kwa kweli, tumeyachoka.