Kidonge cha minyoo ya moyo: ninakiamini, ila nahakikisha kimemezwa

Dada yangu, umeeleza kwamba umehamia Houston kutoka Mombasa, miezi minne iliyopita ukachukua mbwa kwenye kituo cha wanyama, na sasa daktari anasisitiza dawa ya minyoo ya moyo kila mwezi, mwaka mzima. Unahisi ni biashara tu. Shemeji yako naye anasema ununue ivermektini ya ng'ombe (dawa ya kuua minyoo, iliyomo pia kwenye vidonge vingi vya mbwa) kwenye duka la mifugo, eti ni dawa ile ile. Mimi nipo mji huu mwaka wa tisa, na mbwa wangu Chui aliugua ugonjwa huo huo, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu.

Daktari hakudanganyi. Mbu ndiye anayebeba minyoo hii, na hapa pwani ya Ghuba ya Meksiko mimi nimewahi kuua mbu jikoni mwezi wa Januari. Anamuuma mbwa mgonjwa, ananyonya vijinyoo pamoja na damu, vinakua ndani yake kwa wiki mbili hivi, kisha anaviingiza kwa mbwa mwingine. Baada ya miezi kama sita vinakuwa minyoo kamili kwenye mishipa ya mapafu na moyoni. Jike mmoja anafika sentimita 25 hadi 30, mwembamba kama tambi, na anaweza kuishi humo miaka 5 hadi 7.

Jambo ambalo wengi hatuelezwi ni kwamba kidonge hakizuii mbu wala maambukizi. Kinaua vijinyoo vilivyoingia mwezi uliopita, kama mtu anayefagia uchafu wa jana. Ukiruka mwezi mmoja, wa pili ukachelewa, vile vya zamani vinakuwa vimeshakomaa kiasi kwamba kidonge hakiviwezi tena.

Mimi nilijifunza kwa machungu. Chui alikuwa na kilo 22, na kazi ya kumpa kidonge nilimwachia mwanangu, ambaye kila mwezi aliniambia "tayari baba". Kwenye kipimo cha mwaka, nukta ya bluu, ishara kwamba ana minyoo, ikajitokeza kwenye kile kifaa kidogo cha plastiki cha kupimia damu. Nilikasirika, nikaamini dawa ni feki. Wiki hiyo hiyo nikasogeza kochi ili nifagie, nikakuta vidonge viwili vimekauka, vimegandiana na manyoya yake. Chui alikuwa anakipokea kidonge vizuri, anaenda kukitema huko. Mtoto hakusema uongo, ni vile tu hakuna aliyesimama kuangalia akimeza.

Tiba yake sitaki uipitie. Kwanza doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, wiki nne, baadaye sindano za melarsomini, dawa ya kuua minyoo iliyokomaa, kwenye misuli ya mgongo: moja, halafu baada ya mwezi mbili nyingine zilizopishana siku moja. Muda wote huo asikimbie, asiruke, kwa sababu minyoo ikifa inakatika vipande na kuziba mishipa ya mapafu, na moyo ukienda mbio hatari inazidi. Nilificha kamba yake ya matembezi kabatini maana akiiona tu anaanza kurukaruka. Alikuwa analala kizimbani ananitazama, sikuwa na namna ya kumweleza. Pesa niliyolipa ingenunua vidonge vya miaka mingi.

Kuhusu dawa ya ng'ombe, nakuomba sana usiiguse. Jina ni lile lile kweli, lakini tazama kipimo. Mbwa anahitaji maikrogramu 6 kwa kila kilo, yaani 120 kwa mbwa wa kilo 20. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina maikrogramu 10,000 kwenye mililita moja tu. Hizo ni dozi zaidi ya 80 za mbwa wako, na wewe unataka kuzikadiria kwa bomba la sindano jikoni. Isitoshe, mbwa wa jamii ya koli (wale wa kuchunga kondoo) na machotara wao wengi wana hitilafu kwenye jeni ya MDR1 inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Kwa dozi ya kidonge wako salama, kwa dozi ya ng'ombe wanaweza kupofuka, kuzimia au kufa. Mbwa wa kituoni hujui babu yake alikuwa nani.

Kuna vya kutafuna, kuna vya kudondoshea shingoni, na kuna sindano ya moksidektini, dawa ya jamii moja na ivermektini, ya kukinga kwa miezi 6 au 12. Ile ya miezi 6 iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2004 kwa sababu ya taarifa za madhara, ikarudi 2008 kwa masharti, kwa hiyo muulize daktari kama inamfaa wako. Mimi niliichagua ya miezi 12 kwa sababu Chui hawezi kuitema. Na tunza risiti, baadhi ya watengenezaji huchangia tiba mbwa akiugua huku anatumia dawa yao ipasavyo.

Sitakuficha pia kwamba bonde la chini la mto Mississippi limethibitishwa kuwa na minyoo sugu kwa dawa hizi. Ndiyo maana kipimo cha kila mwaka ni lazima hata kwa asiyekosa dozi. Wako alipimwa kituoni akaonekana safi, lakini kipimo hicho kinatafuta protini ya majike waliokomaa. Kama aliumwa na mbu mwezi mmoja kabla hujamchukua, siku ile kisingeona kitu. Mrudishe akapimwe baada ya miezi miwili, na dawa aendelee nayo.

Paka wako wa ndani naye ajumuishwe, maana mbu wanaingia ndani, na paka hana zile sindano za kuua minyoo mikubwa. Kwake kinga ndiyo kila kitu.

Leo jioni, kabla ya kumpigia daktari, sogeza kochi uangalie nyuma yake.