Cha nani hiki? Maswali yenu juu ya umiliki katika Kihindi

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia jambo moja: nani ana nini, na kitu hiki ni cha nani. Maneno ya Kihindi nimeyaandika kwa herufi zetu, na irabu ndefu nimezirudufu pale zinapoleta shida. Neno yah nimeliacha kama vitabu vinavyoliandika, ila mdomoni linasikika "ye".

Kitabu changu cha Kihindi kimeandikwa kwa Kiingereza, na sura ya "kuwa na" inatoa njia nne za kusema jambo hilo hilo. Hakuna kitenzi kimoja tu nikakariri?

Hakuna, na wewe hukupaswa kushtuka. Hata Kiswahili hakina: "nilikuwa na shamba" ni kitenzi cha kuwa na kile kiungo "na". Kihindi nacho hutumia kuwa (hai kwa kimoja, hain kwa vingi), kisha kinabadilisha kiungo kulingana na kinachomilikiwa. Mwandishi wa kitabu chako anahangaika kwa sababu anatafuta kitenzi cha kumiliki mahali ambapo hakipo. Wewe usimfuate huko.

Anza na ke paas, ambayo kwa asili ni "karibu na". Hutumika kwa vitu unavyoweza kushika, kubeba au kumpa mtu: Mere paas chaabi hai, nina ufunguo. Mere paas paise nahin hain, sina pesa. Aapke paas kalam hai? Una kalamu? Muda pia huingia humu, ingawa haushikiki: Mere paas vaqt nahin hai, sina wakati. Ukiijua hii peke yake umeshavuka wiki za mwanzo.

Nilimwambia mwalimu "Mere paas do bhai hain" nikimaanisha nina kaka wawili. Akatabasamu akaniuliza, "Wako wapi, mfukoni?" Kosa ni nini?

Ndugu hawashikiki kama funguo. Jamaa, viungo vya mwili na aghalabu nyumba na ardhi huchukua ka, ke au ki, yaani kiunganishi kile kile cha "-a" yetu. Sema Mere do bhai hain. Kwa dada mmoja, Meri ek bahan hai. Ukimuuliza mtu ana watoto wangapi: Aapke kitne bachche hain? Ng'ombe ana miguu minne: Gaay ke chaar pair hote hain. Hapo hote imeingia kwa kuwa ni jambo la siku zote, si la huyu ng'ombe mmoja.

Sentensi yako si kwamba haieleweki. Inasikika kana kwamba kaka zako wawili uko nao hapo, tayari kutumwa. Kwenye nyumba na mashamba utawasikia Wahindi wenyewe wakitumia njia zote mbili, kwa hiyo huko usijitese.

Kiska, kiski, kiske. Zote zinamaanisha "ya nani". Nachaguaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu mzungumzaji wa Kiswahili anaingia darasani akiwa mbele. Hakuna mtu aliyekufundisha kwa nini ni kitabu cha nani lakini gari la nani na viatu vya nani. Kitu chenyewe kinaamua. Kihindi ni hivyo hivyo, ila badala ya ngeli lukuki kina jinsi mbili tu. Kitu cha kiume kimoja kinavuta ka, vya kiume vingi ke, vya kike ki, viwe kimoja au vingi.

Yah ghar kiska hai? Nyumba hii ni ya nani? Ghar ni ya kiume. Yah kitaab kiski hai? Kitabu hiki ni cha nani? Kitaab ni ya kike. Ye joote kiske hain? Viatu hivi ni vya nani? Jibu nalo linafuata mkumbo: mera hai, meri hai, mere hain (ni yangu, ni changu, ni vyangu). Ile kis ya mwanzoni ni kaun, yaani "nani", iliyobadilika umbo kwa sababu imefuatwa na kiungo. Ukidhani wenye mali ni wengi, unasema kinka, kinki, kinke.

Sasa ugumu wenyewe: utajuaje kipi cha kiume na kipi cha kike? Mwisho wa neno unasaidia kidogo. Mengi yanayoishia na -aa ni ya kiume (paisa, kamra yaani chumba) na mengi yanayoishia na -i ni ya kike (chaabi, kursi, gaari). Halafu unakutana na paani, maji, na ghi, samli, na zote mbili ni za kiume. Dawa, davaa, ni ya kike. Njia ya kufaa ni kujifunza neno pamoja na mera au meri yake tangu siku ya kwanza. Anzia kwenye maneno tunayoshirikiana na Wahindi, maana hayo huna haja ya kuyakariri: meri kitaab, meri dukaan, meri davaa, meri duniya, mera saabun, mera sandook, mera hisaab. Gari letu lenyewe limetoka huko, na huko ni meri gaari.

Jambo moja limegeuka: mwenye mali hutangulia. Ufunguo wa duka la kaka yake Ram ni Ram ke bhai ki dukaan ki chaabi. Soma kuanzia mwisho kurudi nyuma, utapata Kiswahili chako neno kwa neno. Na ke baada ya Ram si wingi. Bhai ni mmoja, lakini amefuatwa na kiungo kingine, na hapo ka hulegea ikawa ke.

Je, "uski kitaab" ni kitabu cha mwanamke?

Hapana! Ki imekuja kwa ajili ya kitabu. Mwenyewe anaweza kuwa mwanamume, mwanamke au mtoto; us haisemi, kama "-ake" yetu isivyosema. Wanaotoka kwenye Kiingereza ndio wanaotafuta mwanamume na mwanamke mahali hapa.

Kuna wakati "kya" ni "je" na wakati mwingine ni "nini". Nitatofautishaje?

Mahali ilipokaa. Mwanzoni ni "je": Kya aapke paas chaabi hai? Je, una ufunguo? Karibu na kitenzi ni "nini": Aapke paas kya hai? Una nini? Kwenye mazungumzo ile ya mwanzoni hudondoshwa, sauti ikapandishwa tu. Dukani hata paas haitajwi. Bhaiya, namak hai? Kaka, chumvi ipo?

Nitampeleka mama India kwa matibabu. Nijifunze kuuliza na kujibu nini kuhusu ugonjwa?

Kwanza angalia mnakwenda mji gani. Delhi, Kihindi kitakufaa kila kona. Hyderabad wenyeji ni wa Kitelugu, lakini Kiurdu, ambacho mdomoni ni karibu sawa na Kihindi, kimeenea sana mjini na mtaelewana. Chennai ni Kitamil, na hospitalini huko Kiingereza kitakufikisha mbali kuliko Kihindi.

Ugonjwa una kiungo chake, ko, kwa kuwa homa huwezi kuimiliki, inakujia. Mujhe bukhaar hai, nina homa (mujhe ni mimi pamoja na ko). Maa ko khaansi hai, mama ana kikohozi. Daktari atauliza Aapko kya takleef hai?, unasumbuliwa na nini, halafu Kab se?, tangu lini. Kisukari watu wa kawaida huita shugar tu, kama sisi tunavyosema fulani ana sukari: Unko shugar hai. Maumivu ya mahali fulani huchukua mein, "ndani ya": Unke pet mein dard hai, tumbo linamuuma. Mama mwite unko na unke, umbo la wengi, kwa heshima. Na mtu yeyote usiyemfahamu mwambie aapka ("-ako" ya heshima), kamwe si tera ("-ako" isiyo na heshima). Tumhara iweke kwa rafiki.

"Apna" ni nini? Inanichanganya na "mera".

Ni mali ya yule yule anayetenda. Kwa Kiswahili "Juma anasoma kitabu chake" huwezi kujua ni cha Juma au cha jirani, hadi uongeze "mwenyewe". Kihindi kinaitatua: Juma apni kitaab padh raha hai, chake mwenyewe, uski kitaab, cha mwingine. Nawe ukisoma chako sema Main apni kitaab padh raha hoon, au rahi hoon ukiwa mwanamke. Mitaani Mumbai utasikia watu wakisema meri hapo, lakini kwenye mtihani utakatwa alama.

Naishi Mombasa. Nikijaribu haya kwa majirani zangu Wahindi wataelewa?

Wengi wataelewa, kwa sababu ya filamu. Ila nyumbani wengi wao huzungumza Kigujarati au Kikachhi, hivyo wasikujibu kwa Kihindi safi ukadhani umekosea. Kigujarati kina no, ni na nu mahali pa ka na ki, na jinsi tatu badala ya mbili. "Nyumba hii ni ya nani?" kwao ni Aa konu ghar chhe?