Yale maji meusi ni mali
Ndugu, umeuliza kama maji meusi yanayobaki baada ya kupika vipande vya msonobari yanamwagwa tu, aisee hapana, kiwanda cha krafti, yaani kile kinachopika mbao kupata massa ya karatasi, kikiyamwaga kinafilisika, maana kostiki soda yake, ile dawa kali ya kupikia, imo humohumo! Yanachemshwa mpaka yanakuwa mazito kama molasi, yanachomwa kwenye boila, mvuke unazungusha tabaini ya umeme, na ile chumvi iliyoyeyuka chini inatiwa maji na chokaa, soda inarudi kupika tena. Kabla ya kuchomwa kuna sabuni ya kahawia inaelea juu, hiyo wanaiengua wanaitia asidi ya salfa, wanapata mafuta ya kutengenezea gundi na rangi. Tapentaini nayo inanaswa kwenye mvuke wa mtungi wa kupikia. Na kule Norwei, kampuni ya Borregaard inatoa mpaka vanilini, ile harufu ya vanila, kwenye lignini, yaani kile kinachogandisha nyuzi za mti, hilo ndo linanifurahisha zaidi.